Paja Lililovunjika na Thamani ya Kipimo cha Kwanza

Kijana anapoanguka na pikipiki katika barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa akavunjika paja, watu wote wanaomzunguka huutazama mguu. Mguu umepinda na kuvimba, na kila mtu anaona kwamba hapo ndipo penye msiba. Jamaa hutafuta gari, hukimbizana na mashuka na fedha, na mgonjwa akifika hospitali akiwa na akili timamu, anazungumza na kuomba maji, wote hushusha pumzi. Siku ya pili au ya tatu mgonjwa huyo huyo huweza kuanza kuhema kwa haraka, joto la mwili likapanda, na maneno yake yakaanza kuchanganyika. Mguu uko vile vile ulivyokuwa jana. Kilichobadilika ni mapafu, na pamoja nayo ubongo.

Hali hiyo wataalamu huiita emboli ya mafuta, yaani vizibo vya mafuta katika mishipa midogo ya damu. Haimpati kila aliyevunjika mfupa. Matone ya mafuta huweza kuonekana katika damu ya wengi sana waliovunjika mifupa mirefu, lakini wanaougua kutokana nayo ni wachache katika kila 100, na idadi yao huongezeka kwa waliovunjika mapaja yote mawili au mifupa kadhaa kwa mara moja. Wengi wa wanaougua hupona iwapo watapewa oksijeni na uangalizi mapema. Wanaocheleweshwa huweza kufa, na aghalabu ni vijana wenye nguvu ambao saa 48 kabla ya hapo walikuwa wazima kabisa.

Swali linalostahili kujadiliwa ni hili: maabara ya hospitali ya wilaya, yenye hadubini, mashine ya kuhesabu chembe za damu na wafanyakazi wachache, inaweza kufanya nini juu ya ugonjwa huu? Jibu la haraka ambalo wengi wangelitoa ni kwamba haiwezi kufanya lolote mpaka iletewe mitambo mikubwa. Jibu hilo halilingani na sayansi ya ugonjwa wenyewe.

MAFUTA YATOKAKO

Aliyewahi kuugonga mfupa wa ng'ombe ili anyonye uboho anajua kilichomo ndani ya mfupa mrefu. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya uboho wa mifupa hiyo ni mafuta, na ndani yake hupita vena nyingi nyembamba. Mfupa wa paja unapovunjika, vena hizo huchanika, na msukumo unaojengeka ndani ya mfupa huyasukuma matone ya mafuta yaingie katika damu. Damu ya vena huenda katika upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kapilari za mapafu zina upana wa maikromita chache tu. Matone makubwa kuliko upana huo hukwama, na machache huweza kupenya mpaka kwenye ubongo na ngozi.

Kama kisa kingekuwa kuziba tu, mgonjwa angezidiwa papo hapo. Kwa nini basi hatari hujitokeza zaidi kati ya saa 24 na 72? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mafuta yaliyokwama huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya mwili yakawa asidi za mafuta, na asidi hizo huunguza kuta laini za mapafu. Kuta zikivimba na kuvuja maji, oksijeni hushindwa kupita kutoka hewani kuingia katika damu. Mwako huo huhitaji muda, na muda huo ndio fursa ya tabibu.

Ujuzi huu una historia ndefu. Mwaka 1862 Zenker, mtaalamu wa Kijerumani, aliona mafuta katika mapafu ya maiti ya mfanyakazi wa reli aliyepondeka. Mwaka 1873 von Bergmann, aliyewahi kuwapiga paka sindano za mafuta ili aone yatakayotokea, aliutambua ugonjwa huu kwa mtu aliye hai, ambaye alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa na kuvunjika paja. Katika miaka ya 1970 Gurd, na baadaye Gurd pamoja na Wilson, walipanga dalili katika makundi mawili. Kubwa ni tatu: upungufu wa pumzi, kuvurugika kwa akili kusikotokana na jeraha la kichwa, na madoa madogo mekundu ya ngozi. Ndogo ni pamoja na homa, moyo kwenda mbio, na matokeo kadhaa ya maabara.

MAABARA INAONA NINI

Matokeo hayo ya maabara yanafaa kutazamwa moja moja, kwa sababu kila moja lina mpinzani wake.

La kwanza ni upungufu wa oksijeni katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, msukumo wa oksijeni katika damu ya ateri huwa baina ya milimita 80 na 100 za zebaki. Kwa mgonjwa wa vizibo vya mafuta huweza kushuka chini ya 60. Hata hivyo kichomi hufanya hivyo hivyo, na mbavu zilizovunjika pia.

La pili ni kushuka kwa hemoglobini. Lakini paja lililovunjika huweza kumeza lita moja ya damu, au zaidi, ndani ya misuli bila tone moja kuonekana nje, na maji ya mishipa anayopewa mgonjwa huizimua damu iliyobaki.

La tatu ni kupungua kwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Chembe hizo hujishika kwenye matone ya mafuta na kwenye mishipa iliyoungua, hivyo hesabu yake hushuka. Mpinzani wake katika mkoa wa Lindi anajulikana na kila mtu: malaria. Malaria hupunguza chembe sahani na hemoglobini, huleta homa, na ikiwa kali huvuruga akili. Isitoshe, katika nchi yenye malaria nyingi, mtu mzima huweza kuwa na vimelea vichache katika damu yake bila kuugua. Kwa hiyo vimelea kuonekana chini ya hadubini hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyoleta homa ya siku ya tatu baada ya ajali. Mgonjwa atibiwe malaria kama inavyopasa, lakini pumzi zake ziendelee kuhesabiwa.

La nne ni kasi ya chembe nyekundu kuzama katika bomba la kioo, ambayo huongezeka. Huongezeka pia katika kifua kikuu, katika usaha, na katika jeraha lolote kubwa. La tano ni kushuka kwa kalisi ya damu, kwa kuwa asidi za mafuta hujifunga nayo. Hilo nalo huonekana katika magonjwa mengine mengi.

La sita ndilo lenye mvuto mkubwa kwa mwanafunzi, yaani kuyaona mafuta yenyewe. Mkojo au makohozi hutiwa rangi ipendayo mafuta, kisha matone hutafutwa kwa hadubini. Kipimo hiki kinaonekana kama ushahidi wa mwisho. Kwa kweli ndicho dhaifu kuliko vingi vingine, kwa maana matone hayo huonekana kwa waliovunjika mifupa ambao hawaugui kabisa, na huweza kukosekana kwa wanaougua sana. Mwaka 1983 Schonfeld na wenzake walipotunga mfumo wa alama za kuutambua ugonjwa huu, madoa ya ngozi walipewa alama 5, mabadiliko ya mapafu katika picha ya eksirei alama 4, upungufu wa oksijeni alama 3, na kuchanganyikiwa, homa, moyo kwenda mbio na kuhema haraka alama moja moja. Mafuta katika mkojo hayakupewa alama hata moja. Miaka minne baadaye Lindeque na wenzake wa Afrika Kusini nao waliuelekeza uzito wa utambuzi kwenye pumzi na gesi za damu.

NAMBA MBILI

Ikiwa hakuna kipimo kimoja kinachotoa hukumu, je, maabara haina kazi? Ina kazi kubwa, lakini kazi yake ni kulinganisha. Katika orodha za vigezo zitumikazo leo, zilizotokana na kazi ya Gurd na Wilson, hemoglobini huhesabiwa kuwa dalili inaposhuka kwa zaidi ya asilimia 20 kutoka kiwango alichokuwa nacho mgonjwa siku ya kupokewa. Chembe sahani huhesabiwa zinaposhuka kwa zaidi ya asilimia 50 kutoka kiwango hicho hicho. Kigezo chenyewe kimejengwa juu ya namba mbili, na asiye na namba ya kwanza hawezi kukitumia hata akiwa na mashine bora kuliko zote duniani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wagonjwa wawili wana hemoglobini ya gramu 10 kwa desilita siku ya tatu, na kila mmoja ana chembe sahani 140,000 kwa mikrolita. Karatasi zao zinafanana kabisa. Mmoja alipofika alikuwa na gramu 13 na chembe sahani 300,000. Hemoglobini yake imeshuka kwa asilimia 23, na chembe sahani kwa asilimia 53. Wa pili alifika akiwa na gramu 10.5 na chembe sahani 160,000, na kwake kushuka ni chini ya asilimia 5 na asilimia 12.5. Huyu wa pili huenda anaishi hivyo siku zote, kwa sababu ya malaria za mara kwa mara au minyoo ya safura. Wa kwanza yumo hatarini. Bila namba ya siku ya kwanza, hakuna bingwa awezaye kuwatofautisha kwa karatasi hizo.

Namba ya kati nayo ina maana. Upungufu wa damu unaotokana na kuvuja ndani ya paja hujionyesha zaidi katika siku ya kwanza, kisha hutulia mguu ukiwa umefungwa vizuri. Hemoglobini iliyotulia siku ya pili, halafu ikashuka tena pamoja na oksijeni na chembe sahani, inaeleza habari nyingine.

Hapa ndipo jiografia ya Nachingwea na Ruangwa inapoingia. Mgonjwa wa paja kutoka wilaya hizo huweza kupita mikono mingi. Huanzia katika zahanati au kituo cha afya, hufika hospitali ya wilaya, kisha huweza kupelekwa Nyangao au Ndanda kando ya barabara kuu ya Mingoyo na Masasi, au hospitali ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Saa 24 hadi 72 za hatari huweza kuangukia safarini au katika kubadilishana mikono. Kila kituo kikianza upya, kila namba inakuwa namba ya kwanza, na mlinganisho hauzaliwi kamwe. Karatasi yenye mistari minne iliyofungwa pamoja na barua ya rufani huweza kuwa na manufaa kuliko kipimo cha bei kubwa kilichochukuliwa mara moja.

MACHO YA HUKU

Zipo sababu nyingine za kushikilia kipimo cha kwanza. Madoa mekundu yaliyopewa alama 5 na Schonfeld huonekana kwa urahisi juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi hufichika. Mganga wa Nachingwea hana budi kuvuta chini ukope wa mgonjwa, kuchungulia ndani ya kinywa, na kutazama kwapani na shingoni kwenye mwanga mzuri. Asipofanya hivyo ataandika kwamba madoa hayapo, kumbe hayakutafutwa panapostahili.

Hali kadhalika kifaa kidogo cha kidoleni kipimacho oksijeni, kilichojulikana na watu wengi wakati wa UVIKO-19, ni msaada mkubwa mahali pasipo na mashine ya gesi za damu. Lakini utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi kifaa hicho hukosea mara nyingi zaidi kwa kuonyesha kiwango kizuri kuliko kilichomo katika damu. Kucha zilizopakwa hina nzito au rangi, na vidole vya baridi, huweza pia kukipotosha. Kwa hiyo asilimia 94 iliyosomwa mara moja haitoshi kumtuliza mtu. Mgonjwa aliyesoma 98 jana, kwa kidole hicho hicho na bila kupewa oksijeni, akasoma 94 leo, ameteremka, na mteremko huo ndio unaopaswa kumwamsha daktari usiku.

HOJA ZA WAPINZANI

Watasema wengine kwamba haya ni kuwaridhisha watu wa wilayani na uhaba. Watauliza kwa nini Nachingwea isiletewe chumba cha wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Dai hilo ni la haki, na lisiachwe. Lakini historia ya Nachingwea yenyewe ina fundisho juu ya mitambo inayotangulia vipimo. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Yaliletwa matrekta, ikajengwa reli kutoka pwani ya Mtwara, zikatumika zaidi ya paundi milioni 30. Udongo na mvua havikuwa vimepimwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine ya kupumulia iliyowekwa katika hospitali isiyoandika pumzi za mgonjwa itawashwa baada ya saa kupita.

Wengine watasema kwamba kurudia vipimo ni gharama kwa mgonjwa na mzigo kwa mafundi wa maabara. Gharama ipo. Hata hivyo si kila aliyevunjika kidole anayehitaji utaratibu huu. Wanaouhitaji ni waliovunjika paja, nyonga, muundi, au mifupa kadhaa, na kwao inatosha kupima hemoglobini na chembe sahani siku ya kufika, siku inayofuata, na hali inapobadilika. Kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo hakuhitaji fedha. Mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifikia 30, hiyo ni hatari ambayo saa ya mkononi inaweza kuigundua.

Wa tatu watauliza faida ya kuutambua ugonjwa usio na dawa. Ni kweli kwamba hakuna dawa iliyothibitika kuyayeyusha mafuta hayo. Lakini oksijeni husaidia mpaka mapafu yapone, na kinga ipo. Mfupa unaochezacheza ndani ya nyama huendelea kukamua uboho. Kuufunga mguu kwa banzi imara hapo hapo ajali ilipotokea, kabla ya kumpakia mgonjwa garini, na kuuunga mfupa kwa upasuaji mapema iwezekanavyo, hupunguza hatari. Mbao mbili zilizonyooka na vitambaa havikosekani katika kijiji chochote.

KAZI YA SHULE

Walimu wa biolojia wa shule za sekondari wana nafasi yao hapa. Somo la mzunguko wa damu mara nyingi hufundishwa kwa mchoro wa moyo wenye mishale, na mwanafunzi hukariri kwamba damu ya vena huenda kwenye mapafu. Tone la uboho lililotoka pajani likaishia pafuni humwonyesha kwamba mshale ule ni njia halisi, na kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu ya uelekeo wake. Kidato cha tatu wanaweza kuhesabiana pumzi na mapigo ya moyo wakiwa wametulia, kila siku kwa wiki moja, na kuchora grafu. Watagundua kwamba watu hawafanani, na kwamba linalostaajabisha katika grafu ya mtu ni pale anapojiacha mwenyewe. Anayelielewa hilo ameelewa kigezo cha Gurd na Wilson kabla hajaingia chuo chochote cha tiba. Vijana hao hao, wengi wao wakiwa abiria na waendeshaji wa pikipiki, wafundishwe pia kufunga banzi.

Hatua inayopendekezwa ni ndogo na inaweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya. Kila mgonjwa aliyevunjika mfupa mrefu katika Nachingwea na Ruangwa apewe kadi moja itakayosafiri naye. Kadi iwe na safu za saa, pumzi, mapigo, joto, oksijeni, hemoglobini, chembe sahani, na hali ya akili, pamoja na nafasi ya kuandika kama ukope umetazamwa. Safu ya kwanza ijazwe kabla gari halijaondoka. Hospitali itakayompokea isianze kadi nyingine, bali iendelee kujaza ile ile. Baada ya mwaka mmoja kadi hizo zikikusanywa, wilaya hizo mbili zitakuwa na jambo ambalo leo haliwezi kuazimwa kutoka kitabu chochote cha nje: picha ya ugonjwa huu kama unavyowapata watu wa kusini, wenye malaria yao, safura yao, ngozi yao na barabara zao.